Beki wa Timu Mbili

Jumanne, 12 Machi

Basi, imetokea. Msimu wa hoki ya barafu umeisha na sisi Granfors ni wa pili kutoka mkiani. Mkiani kabisa: Västerhamn. Kwa hiyo ni sisi na wao, hadi mechi saba. Atakayetangulia kushinda nne anabaki ligi kuu, mwenzake anashuka daraja. Timu zote hizi, na ikabidi wawe wao!

Mkataba wangu wa msimu ujao ni wa Västerhamn. Niliusaini Desemba, walipokuwa wanapaa. Hapa nilikuwa nimeambiwa "tutaongea baridi ikipungua", na beki wa umri wangu anajua maana ya maneno hayo. Kusaini katikati ya msimu ni kawaida, wote tunafanya, na wote tunanyamaza. Wanaojua ni wakala wangu na mke wangu, Jennie. Halafu kuna kile kipengele: wakishuka daraja, mkataba unakufa.

Nikishinda, sina kazi, na nani atamchukua mzee? Nikishindwa, nimeushusha mji ulionizaa.

Jennie aliyaona matokeo kwenye simu, akakaa kwenye ngazi na buti zake za theluji miguuni. Kasema nimwambie kocha kesho. Nikasema nitamwambia. Sitamwambia.

Jumamosi, 16 Machi

Tumeshinda 3–1! Nyumbani! Nimecheza kama mwendawazimu. Mashuti nimeyazuia kwa mbavu, kwa kifundo cha mguu, kwa chochote nilichonacho. Lidda, nahodha wetu, alinibusu kofia mbele ya uwanja mzima. "Mzee huyu haozi!" akapiga kelele. Mbavu zinauma, nimefurahi sana.

Ila tulipokuwa tunapasha misuli, meneja wao alisimama kwenye mlango wa kuingilia barafuni akanikonyeza. Kidogo tu, kama mtu na mtu wake. Nilipita nikijifanya sikuona.

Jumatatu, 18 Machi

Kwao. Tumefungwa 2–1. Goli la pili ni langu mimi.

Nilikuwa na kisahani, kile cha mpira mgumu tunachokipiga, nyuma ya goli letu, hakuna anayenisumbua. Nikaiona njia ya kumfikia Vigge — beki mwenzangu, msimu wa tatu huu tunacheza bega kwa bega, namjua hata anavyopumua. Nikatoa pasi. Ikaenda katikati, mbele ya gongo la mtu wao. Nyavuni!

Kosa la kawaida. Nimeshalifanya sana maishani, nikaoga, nikasahau. Vigge kanipiga begani: "Achana nayo, mzee, kesho ipo." Niko kwenye basi sasa, misitu inapita, wenzangu wanacheza karata, na mimi naitazama ile pasi tena na tena. Lile gongo lao nililiona kabla ya kutoa pasi, au baada?

Sijui! Zamani ningejua. Naogopa. Siwaogopi wao, naiogopa mikono yangu mwenyewe.

Alhamisi, 21 Machi

Jana tumefungwa tena. Wanaongoza mbili kwa moja. Leo asubuhi kwenye ukurasa wa mashabiki mtu kaandika: mmoja wetu keshasaini Västerhamn. Hakutaja jina.

Baada ya mazoezi tulikuwa wote kwenye sauna, chumba cha mvuke, uchi, wekundu. Lidda akaanza mzaha. "Haya, jasusi ajitokeze! Amwage maji kwenye mawe tumwone!" Watu wakacheka. Nikacheka kuliko wote.

Vigge hakucheka. Mpenzi wake, Emelie, ni wa Västerhamn, kila mtu anajua. Nilimwona Lidda akimtupia jicho, halafu kipa naye, halafu kicheko kikafa. "Mnaniangalia nini?" Vigge akauliza. Nikachukua kata, nikamwaga maji kwenye mawe. Hakuna hata mmoja aliyenitazama.

Jumamosi, 23 Machi

Jana tumeshinda, sasa mechi ni mbili kwa mbili. Leo kahawa kwa baba. Alikuwa ametoa maandazi ya iliki, ametandika kitambaa cha sikukuu. Tangu astaafu kiwanda cha karatasi hana kingine zaidi ya timu na mimi, na sidhani anavitofautisha.

Usiku wa juzi watu walipaka mavi ya mbwa kwenye kitasa cha gari la Vigge. Nilimwambia baba ni unyama.

"Unyama, ndiyo," akasema, akapachika ugoro wake chini ya mdomo. "Lakini mtu anayekula meza mbili mimi simpi mkono. Simpi, hata angekuwa nani. Hata angekuwa…" Akatafuta mfano, macho yakaniangukia, akaangua kicheko. "Hata angekuwa wewe, mwanangu!"

Nikacheka naye. Akanigonga mgongo, akaniongezea andazi.

Jumatano, 27 Machi

Tatu kwa tatu. Kesho ndiyo kesho.

Kocha Rolle aliniita ofisini, akafunga mlango. Ana mifuko chini ya macho kama hajalala wiki.

"Hampus, wewe ni wa hapahapa. Sina mwingine wa kumuuliza. Vigge nimwamini kesho?"

Ilitosha neno "ndiyo". Au ningesema: ni mimi. Nilifungua mdomo, naapa niliufungua!

"Sijui, kocha," nikasema. "Kwa kweli sijui."

Akageuka, akafuta jina la Vigge ubaoni kwa kidole gumba. Jina langu likabaki juu kabisa. "Asante," akasema. "Najua limekuuma kulisema."

Limeniuma!

Alhamisi, 28 Machi

Kila mechi kubwa tunalala kidogo mchana. Leo usingizi umegoma, naandika kitandani. Kikao cha timu ni saa kumi. Vigge kanitumia ujumbe: "Wameniweka nje. Sijui nimewakosea nini. Funga moja kwa ajili yangu, mzee." Sijamjibu.

Emelie alimpigia Jennie asubuhi akilia. Jennie kaniwekea chakula mezani, akanipa mgongo.

Baba amekuja kunichukua, kama kawaida yake kila mechi kubwa. Amechukua begi langu, amelipeleka garini mwenyewe, hataki nibebe. Sasa yeye na Jennie wako jikoni chini, sakafu hii inapitisha kila kitu. Anamsema Vigge: afadhali kaonekana mapema, mtu kama yule —

"Baba, siyo Vigge."

Jennie! Amesema. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Kijiko kimeacha kukoroga. Baba kauliza kitu, sikukisikia. Jennie kamjibu chinichini, sikusikia pia. Nangoja apige kelele. Baba hupiga kelele hata kahawa ikimwagika! Leo hapana. Kiti kimesogezwa. Anavaa viatu, nasikia anavyohema anapoinama, magoti yake yale.

Mlango.

Niko dirishani, nimeshika hili daftari kama mjinga. Jennie anapanda ngazi. Nje baba amefungua buti la gari. Anatoa begi langu. Hajalitupa. Ameliweka juu ya theluji taratibu, kando ya njia, lisikanyagwe. Hakuinua macho huku juu.

Ameingia garini, ameondoka bila mimi. Amefika barabarani, amesimama. Kulia ni nyumbani kwake. Kushoto ni uwanjani, na Rolle yuko pale tangu asubuhi. Hakuna gari linalopita, lakini bado amesimama. Nenda kulia, baba. Nakuomba, nenda kulia.

Amewasha taa ya kushoto.