Baba Mdogo Ndani ya Boshori

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla joto halijafika.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, nasomea uzamivu wa falsafa hapa Kolkata, na tangu baridi ianze nafanya yoga alfajiri katika bustani kando ya ziwa, na kwa kuwa mama haniruhusu kutoka bila koti la marehemu babu na boshori la sufu linaloacha macho na pua tu, kama wavaavyo wote pale, wengi wao wastaafu, kijana aitwaye Saptarshi, anayetandika mkeka karibu yangu, alinidhania mzee mstaafu akaniamkia, "Shikamoo baba mdogo, magoti yanasemaje?" nami badala ya kumsahihisha nikakohoa.

Kikohozi kile kikawa ndiyo sauti yangu. Akaanza kunieleza siri zake tukiwa tumesimama vichwa chini miguu juu, jinsi mama yake anavyomtafutia mchumba, jinsi anavyoogopa wasichana waliosoma ("Wanakutazama kama swali la mtihani, baba mdogo!"), nami naguna, naye anayachukua maguno yangu kama hekima, hata amekataa wachumba wawili kwa kuwa niliguna vibaya, ilhali ulikuwa wivu mtupu, maana nampenda, na hakuna aliyewahi kunifungulia moyo hivyo nikiwa na uso wangu.

Sasa ibada ya Saraswati, mungu wa elimu, imepita, kunazi ambazo ni mwiko kuliwa kabla yake zinalika, na mwalimu wetu wa yoga, Nitai, ametangaza kwamba Jumapili wote tutavua sufu tulilaki jua la machipuo. Saptarshi akanipiga bega: "Hatimaye nitakuona, baba mdogo! Halafu twende nyumbani ukaongee na mama."

Nikivua, nitampoteza. Nisipovua, nitaiva. Nihamie bustani nyingine?

Anayeiva, Kolkata

Anayeiva,

Pole. Sasa nisikilize. Falsafa yote hiyo, na ukashindwa kusema "mimi ni msichana"? Mabinti wawili wa watu wamekataliwa kwa guno lako! Wala usilisingizie boshori. Boshori halikohoi.

Unalia kwamba hakuna aliyekufungulia moyo ukiwa na uso wako. Je, huo uso umewahi kuupeleka popote? Kijana hakulipenda koti la babu yako. Alimpenda mtu anayemsikiliza bila kumkatiza, na mtu huyo ni wewe. Ana haki ya kukasirika. Usimkimbie ukamnyima haki hiyo.

Usingoje Jumapili ukamwaibisha mbele ya wastaafu. Kesho, kabla hamjatandika mikeka, mwite kando, vua, umwambie: "Baba mdogo hayupo. Aliyekuwa anasikiliza ni mimi." Mweleze na habari ya wale wachumba, pamoja na sababu yake. Akiondoka, mwache aende, wewe maliza mazoezi yako. Akibaki, msikilize kama zamani, ila safari hii ujibu kwa maneno.

Ukishasema, livae tena boshori lako papo hapo. Mama yako hakukosea: baridi ya msimu unaogeuka huingilia masikioni, na kabla ya Holi, sikukuu ya kuaga baridi, hakuna kijana anayestahili uugue kifua kwa ajili yake.