Vidoa Nilivyokutumia

Mwanjelwa, Mbeya
Jumanne

Mdogo wangu Sabina,

Salamu nyingi zikufikie hapo Iringa na baridi yenu. Mama hajambo, anauliza kama unakula vizuri. Nami kaka yako nipo. Ningepiga simu, ila ungesikia sauti inavyotetemeka, na mimi Gwakisa niliyefika Lubumbashi bila pasipoti sijazoea kusikiwa hivyo.

Picha zako zote ulizonipa nikutafutie vishada vya nyota kwa kazi yako ya chuo nilimaliza, za lile kundi la galaksi unaloliita jirani. Jirani gani, mwanga wake unasafiri miaka milioni sitini, hata chumvi huwezi kumwomba! Ulisema anga limegeuzwa jeupe na nyota nyeusi, kwa hiyo kila kidoa pembeni mwa galaksi nilikitia alama kuwa ni kishada cha nyota. Soko zima nililitangazia kwamba fundi simu aliyeishia kidato cha pili ameona vishada vilivyowapita maprofesa.

Wiki jana Bi Kokila, mwenye duka ninapoweka meza yangu, akaniuliza nampungia nani mkono. Nikamwambia nafukuza nzi wake. Akasema niache mzaha, nzi hakuna. Nikatazama ukuta wake, umepakwa chokaa juzi tu. Vidoa vyangu vyote vilikuwa pale. Nikahamisha macho, navyo vikahama.

Nililificha jambo hilo siku tatu kwa woga. Sasa kwenye jicho la kulia kuna kivuli kinapanda, kama mtu anavuta pazia. Jana Bi Kokila alinikokota kwa daktari wa macho. Amesema utando wa nyuma ya jicho umebanduka, nipasuliwe keshokutwa, na hata hivyo hakuniahidi kitu. Nilimtania kwamba nina lingine. Hakucheka.

Sabina, kuanzia picha ya mia mbili na kumi sijui vidoa vipi ni vya angani na vipi ni vyangu. Futa alama zote kutoka hapo. Nilijua tangu wiki jana, nikaona haya, nikataka nikuache usimame hivyohivyo Ijumaa mbele ya walimu wako. Nisamehe.

Mama usimwambie. Na usije, baki urekebishe kazi yako. Nimeandika usije, na ndivyo ninavyotaka. Lakini mdogo wangu, naogopa sana.

Wasalimie wote hapo chuoni. Naishia hapa, mistari imeanza kupinda.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Gwakisa