Baba Alivyochumbiwa Siku ya Mvua ya Mawe

Jasmin uko wapi?? Nimecheka hadi machozi. Mama katoboa siri sasa hivi.

Mwaka 96 baba alikuwa na wazimu wa kukimbiza mawingu. Akampakia mama kwenye baiskeli, rafiki tu eti, wakafukuza wingu jeusi la ziwani kutoka Igogo hadi Buhongwa.

Upepo ukageuka. Wingu likawafukuza wao! Mvua ya mawe, baiskeli mtaroni, wakakimbilia nyumba ya karibu. Ya shangazi yake mama, yule mkali!

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba Teodora. Na huyu nani?"

Mama akababaika: "Mchumba wangu."

MCHUMBA, Jasmin! Baba akageuka nyuma kumtafuta huyo mchumba. Hakuona mtu.

Shangazi akamsogezea kiti. "Kaa, mkwe."

Akakaa. Hajainuka hadi leo.