Hirizi ya Mwendo

Kabungu,
Mpanda.
18 Agosti 1976

Kwa kaka yangu Fabiani,

Pokea salamu zangu, na nyuma yake za mama, na nyuma ya mama za nyumba nzima. Sisi ni wazima, ila mama alijikata kidole akimenya mihogo, na sasa anakitumia kidole hicho kukwepa kila kazi asiyoipenda. Anauliza kama huko chuoni Tabora mnakula mkashiba. Usimjibu kwa kifupi, atasema unaficha. Mimi mashaka yangu ni juu ya kifua chako na baridi ya asubuhi.

Barua yako ya Julai niliipata. Uliuliza mengi, lakini swali ulilolipigia mstari ni moja: Mwendo amefika wapi? Kwa ajili ya swali hilo nimechelewa kukujibu mwezi mzima.

Niruhusu nianzie mbali. Najua hujausahau mchezo ulioubuni mwenyewe kule kambini Ugalla, ila nataka uone ulivyoharibika. Wewe ulisema asali huvunwa jioni nyuki wakipoa, basi mchana ni mrefu na watu watagombana bure. Ukachora mito na misitu kwa mkaa juu ya ule ubao wa mninga, ukatuchongea kila mmoja mtu wake wa mti. Kila mtu wa mti alianza safari na mkuki mmoja, kibuyu cha maji na woga mmoja. Mwendo wako aliogopa maji. Bila Haraka wa baba aliogopa mbwa. Yule wa Mzee Baltazari alimwogopa mama mkwe wake, na tulicheka mpaka moshi ukatupalia. Wewe ulisimulia njia, sisi tukasema tunafanya nini, na vile vipande vinne vya gome la mzinga, vyeupe upande mmoja na vyeusi upande wa pili, vikaamua. Vyeupe vikiwa vingi, mtu amepita. Vyeusi vikiwa vingi, ameumia. Vyote vinne vyeusi, amekufa, na mwenyewe anachonga mwingine. Kanuni yako moja uliirudia kila siku, kwamba mkuki unaweza kupotea lakini woga haupotei.

Ulipokwenda chuoni uliniachia ubao na kazi ya kusimulia, na Mwendo nikawa namrushia mimi. Msimu wa mwaka jana Damiano, unamjua binamu yetu asivyopenda kushindwa hata kwa kula, alidai mtu wake ana mkuki unaorudi wenyewe mkononi. Nikakubali. Kesho yake mtu wa Baltazari akawa halali usingizi. Damiano naye akaongeza ngozi isiyopitisha meno. Sasa simba wa kawaida nimpeleke wapi? Nikaleta simba wa vichwa viwili, wakammaliza kabla uji haujapoa. Nikaleta nyoka wa kuziba mto Ugalla, wakamkatakata. Kila nilipokuza mnyama nao walikuza mtu, mpaka siku moja mtu wa Damiano akaunywa mto wote, na hakuna aliyecheka wala kushangaa. Wakaanza kupiga miayo.

Baba peke yake hakuongeza kitu. Bila Haraka alibaki na mkuki wake, kibuyu chake na woga wake wa mbwa. Alipotaka kwenda mbele na wenzake, Damiano alimwambia yeye abaki nyuma alinde mizigo. Baba alimwokota mtu wake, akamtia mfukoni, akaenda kuchonga vigingi vya kupandia kwenye mizinga. Msimu huu hakuja kambini kabisa. Alisema magoti. Sisi wengine tulikaa siku arobaini, kila mtu chini ya mti wake, na ubao tukautumia kuwekea sufuria.

Ukiisoma barua mpaka hapa utasema Damiano ndiye aliyeua mchezo. Mimi mwenyewe nimewaambia watu hivyo mwaka mzima.

Lakini baba, badala ya kuja kambini, alijiunga na darasa la watu wazima. Tulimtania kwamba atakuwa mwanafunzi mwenye mvi kuliko mwalimu. Yeye akabeba daftari lake akaenda. Jumapili iliyopita, sikukuu ya Mama Maria, tulipotoka kanisani alifungua sanduku lake akazitoa barua zako zote. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, tangu mama alipobandika maharage mpaka yalipoiva. Kisha akaniita nje, barua yako ya Juni mwaka jana mkononi.

Akasema, "Krispini, barua hii haina hirizi."

Kaka, ngoja nikuambie.

Siku barua hiyo ilipofika kambini, Mwendo alikuwa anavuka mto. Nilikuwa nimemaliza kuwasomea salamu zako. Nikatupa magome kwa niaba yako, na yote manne yakalala meusi. Watu wote waliona. Mzee Baltazari akavua kofia kama kweli kuna aliyezama. Nami nikaona kwamba Mwendo akiondoka ubaoni, nafasi yako kwenye lile duara itakuwa tupu, na sikuweza kuvumilia. Nikaikunjua tena barua yako, nikasoma maneno ambayo hukuyaandika: kwamba Mwendo ana hirizi shingoni, maji hayamwezi. Nani angebisha? Mchezo ni wako, barua ni yako, na msomaji pale nilikuwa mimi tu. Baba alinitazama kidogo, akatazama moto. Mkuki wa Damiano ulianza asubuhi iliyofuata. Aliyeufungua mlango ni mimi, tena kwa jina lako.

Baba hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma. Alisema tu, "Ulitaka kumwokoa. Lakini mtu asiyeweza kufa, safari yake imekwisha." Akaniambia kukueleza ni kazi yangu, si yake.

Basi swali lako nalijibu hivi: Mwendo yuko ukingoni mwa mto, hajavuka. Nimemvua hirizi. Damiano nilimweleza jana. Alinuna, kisha akauliza kama anaweza kuubakiza mkuki tu, nikamkatalia. Ndani ya bahasha nimekuwekea yale magome manne. Mrushie mwenyewe, mara moja, usirudie, kisha uniandikie yalivyolala. Yakiwa meusi yote, usinihurumie. Safari hii barua yako ataisoma baba.

Nisamehe, kaka. Msalimie mwenzako wa chumbani, na Desemba ukija utatukuta. Mama anasema ulete sabuni.

Ni mimi mdogo wako,
Krispini Gaspar

Baba ameomba mstari mmoja hapa chini aandike kwa mkono wake. Nimeapa kutougusa.

FABIANI MWANANGU MIMI MZIMA. BILA HARAKA YUKO TAYARI. MBWA BADO ANAWAOGOPA.