Mama Alimsimulia Clarisse

Jumamosi. Mvua ya asubuhi imeacha tope jekundu hadi mlangoni, na mimi nimeacha vyombo kwenye karai. Nina wivu. Niuandike kabisa, nisije nikajifanya ni uchovu.

Clarisse amenitumia linki ya tovuti yao mpya. Chuo anachofanyia kazi kimekusanya sauti za mafundi cherehani wa Kigali. Mtu yeyote anabonyeza tu, anasikiliza, na chini yake kuna maandishi ya kila kilichosemwa. Ni kazi nzuri. Nilitamani iwe mbovu. Nimetafuta kasoro kwa bidii, nikaambulia picha moja iliyopinda.

Mojawapo ya sauti hizo ni ya Mama yangu.

Mimi ndiye niliyemleta Clarisse hapa kwetu Nyakabanda. Tulisoma naye historia. Amekulia Bukoba, ana Kiswahili laini ambacho Mama anakipenda kuliko hiki changu cha kuchanganya. Siku ile walikaa kibarazani pembeni ya cherehani, mimi nikajitoa kwenda jikoni. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni kuhusu kukusanya simulizi: usimhoji ndugu yako, wala usikae karibu anapohojiwa, utaharibu. Kanuni hiyo nimeishika vizuri mno. Kwa kazi hiyo nimepanda hadi kilima cha Rebero kuwahoji mama za watu, nimekunywa chai zao, nimewauliza mpaka michezo ya utotoni. Wangu sikumgusa.

Basi nimesikiliza. Mama anasimulia kwamba alijishonea gauni lake la harusi, akilificha chini ya vitambaa vya wateja. Harusi ilipokaribia akaja bibi harusi mwingine, akalipenda, naye Mama akamuuzia. Akaolewa na gauni la kuazima. Picha ya siku hiyo iko ukutani kwetu tangu nizaliwe. Niliwahi kumuuliza kuhusu gauni lile, akanijibu ni nguo tu.

Clarisse anamuuliza alijisikiaje. Mama anasema alilia, kwa sababu gauni lilimkaa yule mwingine vizuri kuliko yeye.

Sijawahi kumsikia Mama akisema alilia.

Na hapo, nyuma ya sauti yake, nikasikia sauti yangu mwenyewe. Nauliza kutoka jikoni kama niepue wali. Nikaangalia kwenye maandishi wameniitaje. Wameandika: sauti ya mtu mwingine.

Nilitaka kumwandikia Clarisse aitoe rekodi yote. Nikaanza kutunga sababu za kitaalamu, mambo ya ridhaa na faragha, sababu nzuri tu ambazo ningeweza kuzitetea mbele ya walimu. Lakini hazikuwa za kweli. Mama aliridhia mwenyewe, tena anajivunia, majirani wameshasikilizishwa wote.

Nikaenda kibarazani. Alikuwa anapinda suruali ya mteja. Nikamuuliza kwa nini alimweleza Clarisse na si mimi. Hakuinua macho.

"Clarisse yeye alikaa hapa," akasema. "Wewe unapitaga tu."

Iliniuma, kwa sababu ni kweli. Nikamwambia nataka na mimi anisimulie. Akasimamisha mashine, akanitazama juu ya miwani.

"Sasa wewe iko unataka kujua, ama unataka kumshinda mwenzako?"

Nikamwambia vyote viwili. Akacheka mpaka akavua miwani. Akaondoa vitambaa kwenye kiti cha wateja, nikakaa mikono mitupu, bila kinasa sauti. Akaniambia kuna jambo Clarisse hakuliuliza: gauni lilinunuliwa na nani. Kumbe yule bibi harusi namfahamu. Hata juzi nilimwamkia njiani, na Mama anamshonea mpaka leo.

Wivu haujaisha, nisidanganye. Kesho nitampigia Clarisse kumpongeza, na nitampongeza kwa moyo, au karibu na hivyo. Lakini jina lile Mama alilitaja kwa sauti ya chini, akiwa ameniinamia, na hapa siliandiki.

Ni langu.