Paipu ya Baba

Mutomo, Jumanne

Kama ningechungulia tu! Fundi Kyalo aliniuliza mara mbili kama tumeangalia ndani ya hiyo paipu ya moshi, nikamwambia iko sawa, afunge tu. Jiko la Baba lilioza baada yake kufariki, lakini paipu yake ilibaki pale juu ya paa, na sikuona haja ya kununua nyingine.

Leo asubuhi tukawasha jiko jipya. Moshi ulipanda kidogo, ukagonga kitu, ukarudi wote jikoni. Halafu nta ikaanza kudondoka juu ya jiko. Nyuki walikuwa wamejenga mle ndani. Kiangazi kilipozidi wakahama, wakaacha masega.

Mama alikuwa amekaa karibu, kwa kigoda chake. Jiko lenyewe tumeliweka kwa sababu yake. Daktari alisema mapafu yake hayawezi kubeba moshi tena. Nikamvuta mkono atoke, akakataa.

"Wacha kwanza," akasema. "Unasikia hiyo harufu? Ni koti ya baba yako akitoka kwa mizinga."

Akakohoa mpaka akashika ukuta, na bado anatabasamu.

Kyalo alisema kesho atapanda aisafishe, itavuta vizuri. Mama akaniuliza kwa upole kama hiyo kazi haiwezi kungoja.

"Si siku nyingi," akasema. "Mkishanizika, muisafishe."

Jioni nimempigia Kyalo simu. Nimemwambia asije.