Aikaruwa wawili, faili moja

Alhamisi, baada ya magharibi. Joto la leo ni lile linalotangulia masika, shati linagandana na mgongo hata ukikaa mbele ya feni. Shangazi ameshaoga mara mbili. Mimi hata viatu vya field sijavua.

Majina yote humu nimebadilisha, na hospitali sitaitaja. Somo la kwanza tulilofundishwa chuoni, kabla hata ya kugusa kompyuta, ni kwamba habari za mgonjwa hazitoki chumbani. Kwa hiyo shajara, wewe na wote wanaokusoma, msiniulize nani ni nani.

Nimefanya kosa ambalo lingeweza kumuua mtu kesho asubuhi.

Basi, nimeliandika. Nimelizunguka tangu nilipoingia ndani, mara nafagia, mara natafuta chaja.

Kwa wageni wa ukurasa huu: nasoma stashahada ya kumbukumbu na taarifa za afya, mwaka wa pili. Ukimwambia mtu unasoma mambo ya afya anakuonyesha goti linalomuuma. Ukimwambia ni mafaili, anakupa pole. Hii ni wiki ya tano niko field, yaani mafunzo kwa vitendo, kwenye hospitali moja ya watu binafsi huku katikati ya mji, kitengo cha kumbukumbu, chini ya Bi Hansa. Bi Hansa ni Mhindi mzaliwa wa hapa hapa Mchafukoge. Ameanza kazi kwenye kile chumba kabla mimi sijazaliwa, na Kiswahili chake ni cha mjini kuliko changu. Hapendi kelele, hapendi kalamu ya penseli, na hapendi mtu anayesema "nadhani".

Hospitali inahama kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kompyuta. Katika kuhama, imegundulika kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na mafaili mawili, hata matatu. Alikuja zamani, akapoteza kadi, akaja tena, akafunguliwa jipya. Kazi yetu wanafunzi ni kuyasaka mafaili hayo na kuyaunganisha. Unalinganisha jina, tarehe ya kuzaliwa, simu na mtaa anaoishi. Vyote vikifanana unabonyeza, mfumo unayafanya moja, kisha unatoa karatasi za majalada yote mawili unazipanga kwenye jalada moja. Ukiwa na shaka yoyote unaliweka kwenye trei ya Bi Hansa, naye anapiga simu na kuuliza.

Jumanne niliunganisha arobaini. Mwenzangu wa field alifikisha kumi na moja, mengine yote akayapeleka kwenye trei. Mimi sikupeleka hata moja.

Nilijiona mjanja. Nikiri tu kwamba mimi ni mtu wa kupenda kuwa wa kwanza. Nilikuwa namtazama mwenzangu akinyanyuka kwenda kwenye trei, anarudi, ananyanyuka tena, na moyoni namcheka.

Kati ya hao arobaini alikuwemo Aikaruwa Temu. Mafaili mawili, jina lile lile, mtaa ule ule, simu ile ile, na tarehe ya kuzaliwa mosi Januari ya mwaka mmoja. Sasa, kila aliyewahi kukaa mapokezi anaijua mosi Januari. Mgonjwa kataja mwaka tu, foleni imefika mlangoni, karani kajazia siku na mwezi. Mwalimu wetu alisema tukiiona tuihesabu kama nafasi tupu. Nililiandika jambo hilo kwenye daftari na kulipigia mstari. Kwenye mtihani nililijibu vizuri sana.

Kisha mfumo ukauliza, kama unavyouliza taarifa za mafaili mawili zinapotofautiana: nibakize zipi? Faili moja lilikuwa limejazwa kwenye sehemu ya mzio, jingine, lililo jipya zaidi, lilikuwa wazi. Nikabonyeza "za karibuni zaidi". Nilikuwa nabonyeza hiyo hiyo kwa kila faili tangu asubuhi. Jicho langu lilipita juu ya neno penisilini na halikusimama.

Leo saa kumi nimetoka kazini, nikaenda Kariakoo. Jumapili mtoto wa kaka yangu anapata kipaimara, na Shangazi alinituma sufuria kubwa ya pilau kwenye duka la jumla la watu wa nyumbani, maana kwake yeye Mchaga haendi kununua chombo kwa mgeni. Duka lenyewe ni la ndugu wawili. Mkubwa alikuwa amekaa mlangoni, kajitandaza kwenye kiti cha plastiki.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akauliza Shangazi hajambo, akaniuliza tunategemea watu wangapi. Kisha akageuza shingo akaita ndani:

"Aikaruwa! Mletee mtoto sufuria ya watu mia."

Wakaitika wawili.

Mmoja alitokea nyuma ya mabeseni, mwingine alikuwa juu ya ngazi akipanga hotipoti. Umri mmoja, na hata sauti zinakaribiana. Yule wa kwenye ngazi akacheka. "Baba, sema mkubwa au mdogo. Kila siku tunakwambia."

Nilishika meza. Nikatazama stakabadhi niliyopewa, juu kabisa, namba ya simu ya duka. Ndiyo yenyewe. Niliichapa Jumanne kwa vidole vyangu.

Hili ndilo linalonichoma kuliko yote. Mtu wa Pwani angekosea akasamehewa, lakini mimi? Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba. Ndugu wawili wakipata mabinti wa kwanza mwaka mmoja, ukoo mmoja, utawapata Aikaruwa Temu wawili, na wakifanya kazi kwenye duka moja watatoa simu moja. Mimi mwenyewe naitwa Ndeshi kwa sababu bibi yangu aliitwa Ndeshi. Nina mabinamu wawili wenye jina hilo. Kwenye grupu la familia mmoja ni Ndeshi Mwalimu, mwingine Ndeshi Arusha, na mimi ni Ndeshi Mafaili.

Ndeshi Mafaili. Nawaza kutoka kwenye hilo grupu.

Nikiwa bado nimeshika meza, yule wa nyuma ya mabeseni, ndiye mdogo, akamwambia mzee, "Kesho usinihesabu, baba mkubwa. Asubuhi natolewa kile kiuvimbe cha begani." Akaitaja hospitali yetu.

Kabla ya kupasua kitu kama hicho, wagonjwa wengi pale kwetu huchomwa kwanza sindano ya kuzuia maambukizi, mara nyingi ya jamii ya penisilini. Daktari hufungua faili, hutazama sehemu ya mzio. Sehemu ile niliiacha tupu mimi.

Nilitaka kumuuliza pale pale: dada, wewe na penisilini mnaelewana? Lakini ningemuuliza kama nani? Mbele ya baba yake mkubwa, mbele ya binamu yake, mbele ya wateja waliokuja kununua vijiko? Na kama mwenye mzio ni yule mwingine, ningekuwa nimeitangaza habari yake dukani. Nikabeba sufuria nikaondoka karibu mbio, nikakatiza Mnazi Mmoja, watu wananipisha na lisufuria langu.

Mlinzi wa hospitali aliniuliza kama nimewaletea ubwabwa. Nikampita.

Bi Hansa hakuwepo chumbani, mkoba wake ulikuwa kwenye kiti. Nikafungua kompyuta. Na hapa, shajara, ndipo pa aibu, kwa sababu sikurudi pale ili niseme. Nilirudi ili nifiche.

Njiani nilikuwa nimeshapata akili. Mfumo hauniruhusu kuyatenganisha mafaili, hiyo ni kazi ya mkuu wa kitengo peke yake. Lakini kuongeza neno naweza. Niandike "mzio wa penisilini" kwenye faili lile moja, basi. Mwenye mzio atakuwa salama, asiye nao atapewa dawa nyingine, hakuna atakayedhurika na hakuna atakayejua. Mwaka jana mwanafunzi mmoja alirudishwa chuoni kwa kosa la faili, akarudia mwaka mzima. Mimi nikirudia mwaka, sijui nitamwambia nini Shangazi, ambaye amenisomesha kwa mitumba ya Mchikichini tangu nikiwa kidato cha kwanza.

Nikaliandika. Herufi zilikaa pale kwenye kioo, safi kabisa. Kilichobaki kilikuwa kuhifadhi.

Sijui kwa nini nilivuta jalada kwanza. Labda nilitaka kujiridhisha. Karatasi ya juu ilikuwa na kundi la damu, O. Nikafunua. Ya nne ilikuwa na kundi la damu, B. Moja ilisema anatumia dawa za presha, nyingine ilisema presha yake ni ya kawaida. Karatasi za zamani hazina namba ya faili, zina jina tu, na jina ni lile lile. Nilikuwa nimezipanga kwa tarehe, vizuri sana, karatasi za mwanamke mmoja ndani ya karatasi za mwenzake. Nilijaribu kuzichambua nikashindwa. Hakuna mtu duniani angeweza kuzichambua isipokuwa wao wenyewe, na wao hawawezi kuulizwa mpaka mtu aseme kwa nini wanaulizwa.

Niliogopa kama sijawahi kuogopa.

Bi Hansa aliingia na kikombe chake cha chai. Akaona sufuria sakafuni, akaniona mimi. Nikamwambia yote kwa mpigo, pamoja na lile neno lililokuwa bado kwenye kioo, ambalo nilikuwa karibu kulihifadhi. Nilitegemea atanifokea. Aliweka kikombe mbali na karatasi, akavuta kiti.

"Futa hilo neno," akasema. "Halafu nipe jalada."

Akapiga simu chumba cha upasuaji: faili la mgonjwa wa kesho asubuhi lisiguswe mpaka atakapolipeleka kwa mkono wake. Kisha akapiga simu dukani, akaomba Aikaruwa mdogo, akamwomba afike kabla hatujafunga. Hakumwambia sababu kwenye simu. Halafu akanigeukia.

"Na hayo mengine ya Jumanne?"

Nikasema nadhani yako sawa.

"Unadhani," akasema, akanitazama mpaka nikainamisha kichwa.

Aikaruwa mdogo alifika saa kumi na mbili kasoro, bado ana aproni ya dukani. Bi Hansa hakumwonyesha karatasi hata moja. Alizishika upande wake na kuuliza tu. Umewahi kulazwa? Mwaka gani? Nani alikuwa daktari? Kundi lako la damu unalijua? Jibu likilingana, karatasi inakwenda kulia. Lisipolingana, inakwenda kushoto, imefunikwa. Za kushoto zitamsubiri binamu yake kesho, peke yake. Nimesoma mihula mitatu na sijawahi kuona kazi yetu ikifanywa hivyo.

Tukafika kwenye karatasi yenye wino mwekundu. Kuna dawa yoyote inayokudhuru?

"Penisilini," akasema bila hata kufikiri. "Nilichomwa nikiwa darasa la nne, uso ukavimba mpaka macho yakafumba, pumzi ikakata. Bibi alishaanza kulia msiba. Si niliwaambia mkaandika?"

Ikaenda kulia.

Bi Hansa akasema kwamba tulikuwa tumeandika, na likaondolewa kwa makosa. Hakusema na nani.

"Ni mimi, dada," nikasema. "Nilidhani ninyi ni mtu mmoja. Naomba unisamehe."

Akaniangalia, akanikumbuka. "Si wewe wa sufuria? Unaitwa nani?"

"Ndeshi."

"Ni jina la bibi?"

"Ndiyo, mzaa baba."

"Sasa wewe ulishindwaje kujua?"

Hakuuliza kwa hasira. Angenitukana ningepona haraka zaidi. Nilitafuta jibu la kitaalamu, lile la mosi Januari na simu ya pamoja, likakataa kutoka. Nilijua ningeweza kujua. Ningesimama kwa pumzi moja tu juu ya lile jina, ningejua. Lakini nilikuwa nahesabu.

Alisema Mungu ni mwema, akaondoka. Sijui kama amenisamehe. Sikustahili kumfuata kuuliza.

Bi Hansa aliandika kwenye kitabu changu cha field mbele yangu, kwa wino, mistari sita. Ameandika kosa lilivyokuwa, ameandika neno nililotaka kulificha, na ameandika kwamba nilisema mwenyewe. Kesho saa nne mwalimu wa chuo anakuja kukagua, na atasoma yote. Nilimuuliza Bi Hansa anaonaje, nitarudishwa? Akasema hilo si lake kuamua, akafunga mkoba wake. Mlangoni akasimama akanipa ufunguo wa chumba cha mafaili. Hajawahi kumpa mwanafunzi.

Shangazi bado hajui. Ameisifu sufuria, ameigonga gonga chini na kusema ni nzito, imara. Nitamwambia nikimaliza kuandika hapa.

Kesho chumba kinafunguliwa saa moja. Kuna mafaili thelathini na tisa niliyoyabonyeza bila kuyasoma, na wenyewe sijakutana nao kwenye duka lolote. Kuanzia saa moja mpaka saa nne nitayafungua moja moja, nisome kila mstari, na lenye shaka niliweke kwenye trei. Saa nne ikifika sijui kama nitakuwa bado mwanafunzi. Nataka tu iwe imenikuta nasoma.